Kuhama kutoka Canon EF kwenda Sony E huku harusi zinaendelea

Mzigo unaozungumziwa hapa ni ule unaoonekana kwa wapiga picha wengi wa harusi Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi: bodi moja au mbili za Canon 5D Mark III, lenzi za EF (maunti ya Canon, yaani mdomo wa kufungia lenzi) za 24-70 na 70-200, moja ya 85 au 50, flashi mbili tatu za Godox, na pochi ya kadi za CF. Unataka kwenda Sony A7 IV, kamera ya mirolesi (isiyo na kioo cha kupanda na kushuka ndani) yenye maunti ya E. Wateja hawatakusubiri ujifunze: Jumamosi hii kuna send-off, ijayo kuna harusi. Kwa hiyo hama kwa awamu, na ujue mapema kwamba bodi ndiyo sehemu rahisi. Kinachoangusha kazi ni trigga (kiwasha flashi kwa redio) isiyolingana, kadi isiyoingia, kitazamio kinachogeuka cheusi studio, na vidole vilivyozoea kuzungusha upande mwingine.

Kabla ya kutoa hela

Kama tatizo lako ni picha zenye chembe ukumbini, ongeza kwanza flashi moja pembeni ya ukumbi. 5D Mark III ikipewa mwanga bado inatoa albamu safi. Kama lenzi zako za EF ni nzima na unazipenda, njia nafuu ni kubaki Canon: bodi ya RF (maunti ya mirolesi ya Canon) kama EOS R6 Mark II pamoja na adapta ya Canon yenyewe, EF-EOS R. Haina kioo chochote cha lenzi ndani, ni bomba lenye viunganishi vya umeme, na lenzi za EF hufanya kazi juu yake kama zilivyozoea, fokasi na IS (kutuliza mtikisiko) zikiwemo.

Sababu nzuri ya kwenda Sony ni lenzi. Sigma na Tamron wana orodha ndefu ya lenzi za fulufremu (sensa kubwa kama ya 5D) zenye fokasi ya otomatiki kwa maunti ya E, nyingi zikiwa bei chini kuliko za Sony, ilhali upande wa RF Canon iliwabania kwa muda mrefu. Sababu nyingine nzuri ni kwamba timu unayofanya nayo kazi iko Sony na mnaweza kuazimana vifaa. Kwamba mwenzako kanunua na anaposti kila siku si sababu.

Elewa pia hesabu moja ya milimita, kwa sababu itakuzuia kununua adapta ya ovyo. Kwenye EF, kutoka maunti hadi sensa ni milimita 44, maana kioo kinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Sony E ni milimita 18. Tofauti ni 26, na huo ndio unene wa adapta ya EF kwenda E. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya Sony ikifungwa kwenye 5D ingekaa mbali mno na sensa, na isingeshika fokasi ya kitu kilicho mbali. Ukishanunua lenzi za E, ile 5D haiwezi kuzitumia kamwe. Hii ina maana kwamba kila mfumo utakaobaki nao kazini unahitaji angalau lenzi moja yake ya kutegemewa.

Adapta za EF kwenda Sony zipo, maarufu zikiwa Sigma MC-11 na Metabones. MC-11 ilitengenezwa kwa ajili ya lenzi za Sigma zenyewe. Lenzi ya Canon juu yake inaweza kukubali au kukataa. Kwa picha za familia zilizosimama, 85 f/1.8 juu ya adapta inatosha. Kwa maharusi wanaoingia ukumbini wakicheza, ukiwa na 70-200 kwenye milimita 200 na mwanga hafifu, fokasi itakwenda na kurudi huku wao wanapita. Tumia adapta kuokoa lenzi ya pili au ya tatu. Zumu ya kawaida, ile inayofanya sehemu kubwa ya kazi, inunue ya E tangu siku ya kwanza.

Orodha ya manunuzi

Wengi hupiga hesabu ya bodi na lenzi kisha wanakwama kwa vitu vidogo. Tenga angalau theluthi ya bajeti kwa visivyo bodi wala lenzi kubwa. Kwa kuanzia:

- bodi moja ya A7 IV;
- zumu moja ya 24-70 f/2.8 au 28-75 f/2.8 ya maunti ya E;
- betri tatu za NP-FZ100 na chaja ya pembeni (fungua boksi uangalie, mara nyingi kuna waya wa USB tu);
- kadi nne za SD aina ya UHS-II, V60 (alama za kasi), za GB 128;
- trigga moja ya Godox yenye herufi S mwishoni, kama X2T-S.

Betri za LP-E6 hazitumiki huko. Kwa kipimo cha CIPA (kiwango cha kulinganisha betri za kamera), 5D Mark III inapiga picha 950 kwa betri moja, A7 IV 520 ukitumia kitazamio. Harusini utapata zaidi ya hapo kwa sababu unapiga kwa mfululizo, lakini skrini ya mirolesi inakula umeme hata usipopiga, ukisubiri tu MC amalize kutambulisha wageni. Faida yake ni kwamba A7 IV inachajiwa kwa USB-C, hivyo pawabanki nzuri inakutoa umeme ukikatika.

Kadi za CF nazo zinabaki na 5D. Nafasi ya kwanza ya A7 IV inachukua SD au CFexpress Type A, ya pili SD tu. CFexpress Type A ni ghali, na kwa harusi huihitaji. Faili la RAW (picha ghafi) lililobanwa bila kupoteza ubora linakaribia MB 40, kwa hiyo GB 128 ni kama picha 3,000. Andika kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ni nne: jozi moja kamerani, jozi moja mfukoni. Kadi bandia ni nyingi madukani, na kadi bandia haikatai kuandika, inaandika juu ya picha za mwanzo kimyakimya. Kabla ya kuipeleka kazini, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Ikisoma pungufu, irudishe siku hiyohiyo.

Ukiagiza kutoka Dubai, bei ya dukani kule siyo bei yako. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya 16. Uliza pia kwa maandishi kama waranti ya huko inahudumiwa nchini kwako.

Ukinunua iliyotumika, lenzi ndiyo ya kuogopa kuliko bodi, hasa iliyoishi Pwani. Fungua apecha yote, washa tochi ya simu upande mmoja, tazama upande wa pili kwa kuinamisha lenzi polepole. Fangasi huonekana kama nyuzi za buibui, aghalabu kuanzia ukingoni. Vumbi dogo halina neno. Nyuzi zina neno, na fundi akizisafisha mara nyingi zinarudi au zinaacha alama kwenye kioo. Kisha funga lenzi kwenye bodi, nenda f/16, piga ukuta mweupe: madoa meusi yasiyohama hata ukibadili lenzi, hayo yapo kwenye sensa.

Kuiweka kamera sawa

Fanya haya nyumbani. Kwenye A7 IV:

Weka tarehe, saa na kanda ya saa (UTC+3) sawa kabisa na 5D. Ukichanganya picha za bodi mbili kwenye Lightroom na kuzipanga kwa muda, tofauti ya dakika mbili inamvalisha bibi harusi pete kabla ya kuingia kanisani. Njia rahisi ya kuhakikisha: piga saa ya simu yenye sekunde kwa bodi zote mbili mwanzoni mwa kazi. Zikipishana, utajua zimepishana kiasi gani na utazirekebisha kwa mkupuo.

Hamishia fokasi kwenye kitufe cha AF-ON kama ulivyokuwa nayo Canon, na uiondoe kwenye kitufe cha kupigia. Kama gurudumu la apecha au la shata linazunguka kinyume na ulivyozoea, kwenye menyu kuna "Av/Tv Rotate", igeuze. Pete ya zumu huwezi kuigeuza: Sigma huzunguka upande uleule wa Canon, Sony na Tamron upande wa pili. Linaonekana dogo hadi siku keki inakatwa na wewe unavuta karibu wakati ulitaka kwenda mbali. Kama unajijua vidole vyako ni vizito kubadilika, Sigma 24-70 f/2.8 DG DN itakupunguzia maumivu.

Namba 1, 2 na 3 kwenye gurudumu la juu zipe kazi tatu: nje juani, ukumbini kwa flashi, studio. Kisha hifadhi mipangilio yote kwenye kadi, uinakili na kompyuta.

RAW iwe ya kubanwa bila kupoteza. Ujue tu kwamba kasi ya picha 10 kwa sekunde inayotangazwa inapatikana kwa RAW iliyobanwa kwa kupoteza. Ukichagua isiyopoteza, inashuka hadi kama 6. Kwa kazi ya harusi, picha 6 kwa sekunde zinatosha na zinabaki.

Flashi, na kile kitazamio cheusi

Hapa ndipo simu nyingi za kuomba msaada hutoka. Umefunga taa za studio, umeweka 1/160, f/8, ISO 100, ukitazama kitazamioni ni giza totoro. Kamera haijaharibika. Mirolesi inakuonyesha picha itakavyotoka kwa mwanga uliopo, na mwanga uliopo kwa f/8 na ISO 100 ndani ya chumba ni karibu hakuna. Haijui kwamba taa zitawaka. Nenda "Live View Display Set." uchague "Setting Effect OFF". Sasa kitazamio kinang'aa daima, bila kujali mipangilio. Iweke hiyo kwenye namba 3 ya studio na namba 2 ya ukumbi, na uiache ON kwenye namba 1, maana nje bila flashi kuona mwanga kabla ya kupiga ndiyo raha kubwa ya kuhamia huku.

Godox zako za Canon usiziuze zote. Flashi yenye herufi C, mfano TT685C, ikikaa juu ya stendi inapokea amri kutoka trigga ya S vizuri kabisa, TTL (flashi kujipimia nguvu) na HSS (flashi kwa shata ya kasi kubwa) zikiwemo, kwa sababu mawasiliano ya redio ya mfumo wa X wa Godox hayajali flashi ni ya kampuni gani. Kinachotakiwa kulingana na kamera ni kile kilichokaa juu ya kamera. Ukiiweka TT685C juu ya A7 IV, itawaka kwa pini ya katikati tu: nguvu utaweka kwa mkono, TTL hakuna, HSS hakuna. Basi nunua trigga ya S na flashi moja ya S ya juu ya kamera. Zilizobaki zigeuze za pembeni.

Pini za Sony ni nyembamba na zimejificha mbele ya nafasi ya flashi. Ukisukuma flashi kwa pembe au ikiwa na mchanga chini, zinapinda, na kamera inaanza kuiona flashi mara ipo mara haipo. Ingiza ikiwa imenyooka, funga skrubu, na usiibebe kamera kwa kushika flashi.

Fokasi gizani

Kutambua jicho ni kuzuri na utakuzoea haraka. Kuna sehemu mbili kunakokuangusha. Ya kwanza ni shela: jicho liko nyuma ya kitambaa chenye nakshi na fokasi inanasa kitambaa. Badili kwenda "Spot: S" (nukta ndogo) na AF-S (fokasi inayojifunga mara moja), weka nukta juu ya kope, piga.

Ya pili ni ukumbi uliozimwa taa kwa ajili ya dansi ya kwanza. Kwenye 5D, flashi ilikuwa inatupa mistari myekundu na kamera inafokasi kwayo. Sony haitumii mistari hiyo. Ina taa yake ndogo mbele ya bodi, na inawaka kwenye AF-S, si AF-C (fokasi inayofuata mtu anayetembea). Usitarajie kwamba sensa mpya itaona kila kitu. Fanya moja kati ya mawili: geuza AF-S wakati huo, au weka taa ndogo ya LED kwenye stendi pembeni, nguvu ya chini kabisa, ikiwaelekea wanaocheza. Zungumza na MC na mtu wa muziki mapema kwamba taa hiyo haizimwi.

Jambo jema ni kwamba kero ya lenzi kufokasi mbele au nyuma ya jicho, ile iliyokufanya ukae na rula mezani kurekebisha 5D, imekwisha. Fokasi inapimwa kwenye sensa yenyewe.

Shata ya kimya na taa za ukumbi

Kanisani wakati wa kiapo utatamani shata ya kimya. Itumie ukijua mipaka yake. A7 IV inasoma sensa yake polepole, takriban sehemu ya 15 ya sekunde kutoka juu hadi chini. Chini ya taa za LED zinazowakawaka, mistari ya kiza na nuru inajichora juu ya gauni. Mtu anayepita anapinda. Na kwa shata hiyo flashi haiwaki kabisa. Piga moja, ikuze kwenye skrini, utafute mistari kwenye ukuta mweupe. Ikiwapo, rudi shata ya kawaida.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/50 au 1/100 picha zinatoka sawasawa. Kwa 1/250 moja inakuwa ya njano na inayofuata nyeusi kidogo. Kuna "Anti-flicker" kwenye menyu, iwashe ukiwa na shata ya kawaida. Skrini kubwa za LED za jukwaani hupepesa kwa kasi nyingine na mpangilio huo hauzisaidii, hapo jaribu kushusha kasi.

Nje juani, ukiwa na f/1.4 au f/1.8 na 1/2000, zima "e-Front Curtain Shutter" (shata inayoanza kwa umeme). Ikibaki imewashwa, duara za mwanga nyuma ya bibi harusi hukatwa upande mmoja.

Vumbi

Kwenye 5D kioo kilikinga sensa. Hapa sensa iko wazi kila unapotoa lenzi. Kwenye menyu weka shata ijifunge kamera inapozimwa, kisha uwe na tabia: zima, elekeza mdomo chini, badilisha haraka. Shata iliyofungwa ni nyembamba mno, usiiguse na usiipulizie hewa ya kopo. Pampu ya mkono, shata ikiwa wazi, inatosha kwa vumbi la kawaida. Lenzi zihifadhi kwenye sanduku lisilopitisha hewa lenye silika jeli na kipima unyevu, kati ya asilimia 40 na 50.

Rangi na kompyuta

Photoshop CS6 na Lightroom 6 hazifungui ARW (faili za RAW za Sony) za A7 IV. Suluhisho lisilo na gharama ni Adobe DNG Converter: inageuza faili kuwa DNG ambayo programu ya zamani inaisoma. Ni hatua ya ziada kwa kila kazi, na kwa picha 2,500 itakula muda, kwa hiyo iweke kwenye ratiba yako ya kukabidhi.

Priseti (mipangilio ya rangi uliyoihifadhi) ulizozijenga kwa Canon zitaikosea ngozi, mara nyingi kwa kuivuta kuelekea kijani au njano. Usizitie viraka. Piga kadi ya rangi ya ColorChecker yenye miraba 24 kwa bodi zote mbili, mara moja chini ya jua na mara moja chini ya balbu za njano, utengeneze profaili kwa kila bodi, ndipo uanze priseti upya juu ya profaili hizo. Ukumbini usitumie waiti balansi ya otomatiki. Weka Kelvin kwa mkono, ivalishe flashi kipande cha plastiki ang'avu cha rangi ya chungwa ilingane na balbu, na uanzie 3200.

Mwanga wa gauni jeupe na ngozi nyeusi katika fremu moja usiuachie mita. Washa zebra (mistari inayoonya mwanga ukizidi) kwenye 100+, ongeza mwanga hadi mistari ianze kuonekana kwenye gauni, rudisha theluthi ya stopu. Uso utapata nafasi yake, na nakshi za gauni hazitapotea.

Ratiba ya kuhama

Kodi kwanza A7 IV kwa wikiendi ya kazi isiyo na presha: kipaimara, kitchen party, picha za familia. Ukinunua, harusi za mwanzo ifanye bodi ya pili: 5D shingoni kwa viapo, pete na keki, Sony kwa maandalizi, mapambo na picha za nje. Geuza nafasi pale tu unapoweza kubadili ISO, nukta ya fokasi na Setting Effect bila kuitoa kamera jichoni. Kisha Sony ya pili, na hapo ndipo 5D iondoke.

Unapoiuza, usiuze kila kitu kwa mtu mmoja kwa haraka. Lenzi za EF bado zina wateja kwa sababu ya wale wanaohamia RF kwa adapta, na 70-200 safi huuzika peke yake kwa bei nzuri kuliko ikiunganishwa na bodi. Taja idadi ya shata kwa ukweli. 5D Mark III ilikadiriwa 150,000. Rudisha mipangilio ya kiwandani, futa jina lako kwenye hakimiliki ya kamera, na kadi za CF zipe pamoja nayo, baada ya kuhakikisha harusi zote zilizomo zimeshanakiliwa mahali pawili.